Tabora, mama mkwe wangu ataitwa mkimbizi mpaka lini?

Wakuu, nimerudi nyumbani sasa hivi, nina hasira na sitaki kuificha.

Leo nilimsindikiza mama mkwe wangu kwenye ofisi moja hapa mjini. Alitoka Ulyankulu alfajiri na basi la kwanza. Tukapanga foleni kama watu wote. Alipofika dirishani, kijana wa mle ndani, umri wa mjukuu wake, akasoma jina kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Wewe Mrundi, wakimbizi mnasubiri pembeni." Shikamoo hakuna, hata kumwita "mama" kumemshinda. Mama akatoa cheti chake cha uraia, anakitunza ndani ya mfuko wa nailoni, akakifungua polepole. Kijana hakukigusa. Nilipohoji, walionijibu ni watu wa nyuma yetu: "Dada, usitucheleweshe."

Kijana nitamshughulikia. Uzi huu nimeufungua kwa ajili yenu mliokuwa kwenye foleni.

Mwaka 1972 watu waliuawa kwa halaiki Burundi, waliookoka wakavuka kuja kwetu. Serikali ikawapa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mama mkwe alivuka akiwa mgongoni kwa mama yake. Ulyankulu wakati huo ni pori la miyombo. Walilifyeka wao, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, na hiyo tumbaku imelipa kodi nchi hii. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa medali ya Nansen kwa kuwapokea wakimbizi, na hiyo sifa tunaipenda sana.

Baadaye Serikali ikawauliza: mnarudi au mnaomba uraia? Waliobaki wakaomba, wakaukana uraia wa Burundi, halafu wakaambiwa vyeti watapewa wakishahamia mikoa mingine. Fikiria kuishi hivyo miaka na miaka, kule umeshajikana, huku hujapokewa, na hujui kama nyumba ujenge au usijenge. Mpaka Oktoba 2014 ndipo vyeti vikaanza kutolewa, kwa watu zaidi ya 150,000. Huyu mama ni mmoja wao. Amepiga kura. Mume wa binti yenu huko mtaani huenda ni mwanawe.

Najua mtakuja na "huo ni utani tu". Mimi ni Mnyamwezi wa Isevya, utani naujua. Mtani ukimtania anakurudishia na wote mnacheka. Huyu akikurudishia anaulizwa karatasi. Huo si utani.

Na haiishii ofisini. Dalali anakuonyesha chumba Kanyenye, akisikia umetokea Ulyankulu chumba kimeshapata mtu. Mtoto aliyezaliwa hapa, babake kazaliwa hapa, shuleni anaitwa Mrundi akishinda mtihani, na Mrundi tena akishindwa. Lakini kwaya za Ulyankulu mmezicheza kwenye maharusi yenu tangu enzi za kaseti, na hapo hamkuuliza mwimbaji ana cheti gani!

Katiba yetu Ibara ya 13 inakataza kumbagua mtu kwa utaifa, kabila au pahala alipotokea. Ila sikuhitaji Katiba pale. Nilihitaji mtu mmoja tu wa foleni ile aseme, "Kijana, mhudumie mama, zamu yake imefika." Sentensi moja. Mlikuwa wengi, wazee wenye kofia zenu na akina mama wa kanga mbili, mkaangalia simu.

Mama hakulia. Alisema "twende mwanangu, nitarudi siku nyingine", kwa namna ya mtu aliyeshazoea, na hilo ndilo limeniuma kuliko tusi lenyewe.

Sasa naomba msaada. Anayejua hatua za kumlalamikia mtumishi wa umma kwa maandishi, barua inaanzia kwa nani na inakwenda nakala kwa nani, aandike hapa chini. Jina la yule kijana ninalo, sitaliweka hapa. Na kama ulikuwepo asubuhi ya leo na uko tayari kuwa shahidi, njoo PM. Jumatatu narudi naye dirisha lilelile.