Rimu za 944 mpya kwenye 944 ya zamani, zitaingia?

Wakuu habari, nina Porsche 944 ya 1985, nimepata rimu za 944 ya 1988, matundu ni yale yale 5x130 (bolti tano kwenye duara la milimita 130) ila nikifunga mbele rimu inaingia ndani sana karibu iguse shokapu. Nibadilishe saspensheni nzima au?

Jibu: Hiyo ni ofseti mkuu, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Kuanzia modeli ya 1987 Porsche walihamia milimita 52 hivi, gari yako ni 23, kwa hiyo rimu inazama ndani karibu milimita 29. Weka spesa (vipande vya chuma kati ya rimu na habu) za unene huo, zile zinazokaa sawasawa kwenye habu, na bolti ndefu, usijaribu bolti za zamani utajuta.

Jibu: Spesa sawa, lakini usizidishe, tairi ikitoka nje kupita ilivyokuwa usukani unaanza kuvuta kila ukipiga shimo na beringi zinachoka mapema. Mimi ningetafuta rimu za ofseti ya zamani tu, maana kubadilisha mikono ya saspensheni na habu mbele nyuma ili rimu mpya zikae bila spesa ni kazi kweli kweli.

Muuliza swali: Aisee asanteni, naanza na spesa basi.