Panya katika gari linalolala nje: tupeane uzoefu

Mkazi wa Kiamunyi, Nakuru
Hamjambo nyote. Leo asubuhi niliwasha gari, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi na injini ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nilipofungua bonneti nilikuta maganda ya njugu, manyoya ya kuku na vipande vya ile sufi nyeusi iliyobandikwa chini ya bonneti, vyote vimetandikwa vizuri kando ya betri, na waya mmoja wa nozeli umekatwa kana kwamba kwa mkasi. Ploti yetu haina gereji, ua ni wa kayaba, na gari hulala huko huko kando ya ua. Ninyi mnaoegesha nje, mmewazuiaje?

Mpangaji wa Section 58
Pole sana, ndugu. Mimi nilibadilisha nyaya zile zile mara mbili katika mwezi mmoja, kwa sababu mara ya kwanza nilitengeneza gari na kumwacha panya.

Fundi wa umeme wa magari, Kondele
Aliyeandika hapo juu amegusa kiini cha jambo. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima atafune kitu kigumu ili ayapunguze, hata kama kitu hicho hakiliki. Waya uliokatwa usifungwe kwa utepe peke yake. Mwambie fundi wako aulehemu kwa risasi, aufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha asafishe injini yote kwa maji ya sabuni, kwa maana panya huacha mkojo kila anapopita na harufu hiyo humwonyesha mwenzake njia. Mlipo na kinyesi kikavu au kiota, msifagie wala kupuliza kwa hewa ya kompresa. Lowesheni kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua viini, mvae glavu, kisha mwondoe kwa kitambaa.

Kuhusu kuziba, panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6, yaani unene wa penseli. Mimi hukata wavu wa chuma wa matundu madogo, ule ambao maduka ya vifaa vya ujenzi huuita kofi trei, nikaufunga kwenye mdomo wa bomba la hewa la injini na kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Tafadhali msizibe mbele ya redieta kwa gunia, kama mteja wangu mmoja alivyofanya, akasahau kulitoa, akaniletea injini iliyochemka.

Mwalimu, Muhoroni
Nimekaa kimya juu ya jambo hili tangu Desemba, lakini hicho kiota chako cha manyoya ya kuku kimenifungua mdomo.

Wanaoishi kwenye miwa wanajua kwamba shamba likivunwa, panya wote waliokuwa ndani yake huhamia kwenye nyumba zilizo karibu. Shamba la nyuma ya nyumba zetu za walimu lilikatwa wiki ile ambayo nilikuwa nimeacha gunia la mahindi kwenye buti, nikisubiri nafasi ya kulipeleka kusagwa. Gari halikusogea kwa siku kumi na mbili. Kisha nikaombwa nimpeleke mama mkwe Kisumu kwenye kliniki ya macho. Wale wa kwetu hawahitaji kuelezwa maana ya kumbeba mama mkwe: humkazii macho, huli mbele yake, na unaendesha kama uliyebeba mayai. Alikaa kiti cha nyuma, nami nikageuza kioo cha ndani juu kidogo ili nisimtazame.

Tulipofika Ahero, pale mashamba ya mpunga yanapoanza, joto lilizidi, nikawasha feni. Kwanza ilinguruma bila kutoa hewa. Halafu ikatema. Sufi, vipande vya karatasi za mtihani, maganda ya mahindi na vinyesi vilitoka kwenye matundu ya dashibodi na kuruka ndani ya gari zima kama msufi uliopasuka, vingine vikatua kwenye kilemba cha mama. Sikupata hata nafasi ya kuomba radhi, kwa sababu panya mwenyewe, mnene, alitoka chini ya kiti cha mbele, akapita mguuni pake na kupanda hadi mapajani.

Mama hakupiga kelele. Nilisikia tu khanga ikivutwa kwa nguvu, kisha sauti ya upole ikasema, "Baba Akinyi, simamisha gari." Nilisimama kando ya barabara. Alishuka na lile furushi, akalipiga mara mbili kwenye jiwe la kilomita, akalikung'uta mtaroni, akaikunja khanga upande wa ndani na kurudi kukaa. Hatukusema neno hadi Kisumu. Nilipomfungulia mlango kwenye lango la kliniki ndipo aliposema, "Gari lako lina wapangaji, na hawakulipi."

Mpangaji wa Section 58
Mimi nimesoma hadi kwenye jiwe la kilomita nikasimama kuvuta pumzi.

Mkulima wa Kitale
Je, mama mkwe amewahi kupanda tena gari hilo?

Dada wa Mamboleo
Na mimi ninasubiri jibu la swali hilo kabla ya mengine yote.

Mkazi wa Kiamunyi, Nakuru
Tunamheshimu mama, lakini gari langu bado liko kando ya ua wa kayaba. Tuendelee na dawa.

Mkulima wa Kitale
Dawa ni sumu tu, hakuna siri. Baada ya mavuno, mimi huweka vipande vya sumu juu ya injini jioni na kuviondoa asubuhi, na sijakatiwa waya kwa misimu mitatu.

Mama wa paka, Kakamega
Wewe ndiwe jirani ambaye wengine tunakulilia usiku. Nilizika paka wangu mwaka jana kwa sababu ya mtu mwenye hekima kama yako. Weka paka, panya watahama wenyewe.

Mkulima wa Kitale
Samahani kwa paka wako, lakini sikumpa mimi, na sumu yangu haitoki nje ya boma langu.

Mama wa paka, Kakamega
Sumu haitoki, lakini panya aliyeila ana miguu minne.

Daktari wa mifugo, Kisumu
Mama wa paka ana hoja. Nyingi ya sumu hizi za vipande huzuia damu isigande, na panya hafi pale pale; huzunguka siku kadhaa akiwa dhaifu, na huo ndio wakati ambapo paka, mbwa au bundi humkamata kwa urahisi na kupata sehemu ya sumu. Mnyama aliyeathirika akiletwa mapema hutibiwa kwa vitamini K1, na matibabu hayo huendelea kwa majuma, wala si sindano moja. Ile inayouzwa sokoni bila kibandiko chochote msiiguse kabisa, kwa kuwa hata mimi siwezi kumtibu mnyama wenu nisipojua alichokula. Kuna pia hasara ya mwenye gari mwenyewe: panya anayekufa polepole hutafuta mahali pa kujificha, na mahali hapo huweza kuwa ndani ya dashibodi, ambamo mtamsikia kwa pua kwa muda mrefu.

Hata hivyo paka naye si dawa kamili. Hupenda joto la injini kama panya, hujikunja ndani yake usiku, na asubuhi feni humkata. Mwenye paka agonge bonneti kabla ya kuwasha.

Mama wa paka, Kakamega
Mimi hugonga kila siku, na majirani wanadhani ninabisha hodi kwenye gari langu mwenyewe.

Dada wa Mamboleo
Nami nina ushuhuda wa pilipili. Nilichemsha pilipili mbuzi, nikachuja na kunyunyizia injini yote kwa furaha. Asubuhi niliingia barabara kuu nikiwa na wanangu wawili, injini ikapata joto, feni ikavuta ule mvuke ndani, tukashuka sote tukikohoa na kutokwa machozi mbele ya waendesha bodaboda waliodhani tumefiwa. Jioni ilinyesha mvua, na panya akarudi.

Fundi wa umeme wa magari, Kondele
Pilipili yenyewe hufanya kazi, ila si kwa kunyunyizia. Honda huuza utepe uliotiwa ule ukali wa pilipili, nao huzungushwa juu ya nyaya moja kwa moja. Bei yake ni kali pia.

Mstaafu wa Lanet
Weka naftalini chini ya viti. Nimeitumia miaka mingi.

Daktari wa mifugo, Kisumu
Mzee wangu, kwa heshima yote, naomba nikupinge. Mvuke wa naftalini katika gari lililofungwa madirisha unaingia katika mapafu ya abiria. Kuna watu ambao damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo si ngeni katika maeneo yenye malaria kama yetu, na kwao naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga asipandishwe humo kabisa.

Mstaafu wa Lanet
Nimekusikia, daktari. Nitaziondoa. Je, kile kifaa cha kutoa mlio ambao binadamu hausikii? Mwanangu alinitumia kimoja kutoka Marekani.

Mpangaji wa Section 58
Mimi nilikinunua, nikakifunga, na baada ya wiki mbili panya alikata waya wa kifaa hicho hicho. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2001, tume inayolinda wateja kibiashara iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya aina hiyo ikiwaonya kwamba madai yao yahitaji ushahidi wa kisayansi.

Fundi wa umeme wa magari, Kondele
Mtego wa kubana haujashindwa na chochote. Uwekwe kando ya ukuta au ua, kwa kuwa panya hutembea akigusa ukuta. Panya mkubwa huogopa kitu kipya, kwa hiyo mwachieni chambo siku tatu au nne bila kuutega, azoee kula, kisha uutege. Omena iliyokaangwa inatosha.

Mkazi wa Kiamunyi, Nakuru
Nimerudi baada ya siku tisa. Gari nimelihamishia katikati ya uwanja, mbali na kayaba na banda la kuku. Usiku ninaliacha bonneti wazi ili joto na giza vipungue, na askari wa ploti ameahidi kulifunga mvua ikinyesha. Kofi trei imefungwa. Mitego miwili iliyoegemea ua imenasa panya wanne, wawili kati yao katika usiku mmoja wa tano, ule wa kwanza wa kuitega. Kampuni ya bima imenijibu kwamba uharibifu wa panya haumo katika mkataba, kwa hiyo shilingi 14,500 za nyaya nimelipa mwenyewe. Mwalimu, nadhani sasa unaweza kuwajibu hawa kuhusu mama.

Mwalimu, Muhoroni
Amepanda mara mbili tangu siku ile. Kabla ya kukaa hufungua mlango, hupiga kiti kwa fimbo yake mara tatu, husubiri kidogo, kisha huniuliza kama buti lina mahindi.