Tupeane uzoefu: kulipa kwa kadi hapa Tanga

Mwana wa Ngamiani: Ndugu zangu, leo nimekubaliana bei ya mabati na muuzaji, lakini nilipotoa kadi akanitaka niongeze asilimia tatu "za mashine". Nimelipa huku nimenuna. Je, nanyi yamewakuta?

Binti Chumbageni: Yamenikuta, tena kwa mfuko mmoja wa saruji.

Mzee wa Raskazone: Yenu madogo, wanangu. Mwaka jana nilimpeleka mama watoto kula samaki kwenye hoteli moja ya ufukweni. Nikaingiza namba ya siri, kijana akasema kadi imekataa kwa sababu mtandao unasumbua, nikarudia, ikakataa, mara ya tatu mashine ikatema risiti. Tulipokuwa tunashuka ngazi, simu ikalia mara tatu mfululizo, na kila ujumbe ulisema nimekatwa shilingi 186,000. Mke wangu akanitazama kana kwamba nina nyumba nyingine. Meneja akanishauri nisubiri, fedha zitajirudi zenyewe. Malipo ya kwanza yalirudi baada ya wiki mbili. Ya pili hayakurudi mpaka nilipoiandikia benki barua na kuambatanisha risiti na taarifa ya akaunti, nikasubiri siku 41.

Binti Chumbageni: Pole sana, babu. Shilingi 186,000 kwa samaki wangapi?

Karani Mstaafu: Tuache samaki. Mashine ikikataa, mteja adai karatasi ya muamala uliokataliwa kabla ya kuingiza tena namba ya siri. Kisha aijulishe benki yake mapema, kwani kwa kadi za Visa madai mengi ya kurudishiwa fedha yana ukomo wa siku 120. Ama ile asilimia, ni ada anayokatwa mfanyabiashara na benki yake, na kwa kawaida kanuni za Visa hazimruhusu kumbebesha mteja, isipokuwa katika nchi chache kama Marekani.

Muuza Saruji: Karani, faida ya mfuko mmoja unaijua? Nikikatwa, nifidie wapi?

Mwana wa Ngamiani: Iweke kwenye bei tangu mwanzo, usinivizie kaunta!

Muuza Saruji: Nikipandisha bei, mtahamia duka la jirani. Lipeni taslimu, yaishe.

Binti Chumbageni: Taslimu ya mjomba wangu iliishia kwenye daladala ya Pongwe. Babu, bibi alikuelewa lakini?

Mzee wa Raskazone: Siku ya 41, nilipomsomea ujumbe wa benki. Hata hivyo aliuomba ausome mwenyewe.