Fundi kanila 35,000, kaiacha kompyuta wazi kuliko alivyoikuta

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Laptopu ya nyumbani ilianza kurusha matangazo ya kamari kwenye kona ya skrini hata nikiwa kwenye Word. Juu ya hapo, flashi ya binti yangu ikarudi kutoka steshenari ya Stendi Ndogo mafolda yote yamegeuka shotikati. Nikaipeleka kwa fundi, maeneo ya Kilombero. "Mzee wangu, hii imeoza kwa virusi. Nakuwekea antivairasi ya kulipia, mwaka mzima, elfu arobaini." Nikamshusha hadi 35.

Nafika nyumbani, mashine inawaka kama trekta la baridi. Kumbe kaweka antivairasi mbili, zote za kraki, yaani zimevunjwa kufuli zitumike bila leseni, zinagombania kila faili. Na matangazo yako pale pale! Hayakuwa hata virusi. Mtu humu ndani alibonyeza "ruhusu" kwenye tovuti ya muvi, basi. Nikaingia mipangilio ya Chrome, kwenye arifa, nikaifuta ile tovuti. Kimya mpaka leo. Mafolda ya flashi nayo yalikuwepo, yamefichwa tu. Amri ya Windows iitwayo attrib, inayofichua vilivyofichwa, ikayarudisha.

Sasa sikieni hii. Kuna faili la majaribio linaitwa EICAR, mstari mmoja wa herufi 68. Halidhuru kitu, ila antivairasi inayofanya kazi lazima ilipigie kelele. Nikaliweka kwenye desktopu. Hakuna kitu! Tiki ya kijani inanikodolea tu macho. Nikazing'oa zote mbili, Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ikajiwasha, nikarudia. Kimya tena. Hapo jasho likaanza kunitoka. Kuchimba mipangilio, nakuta orodha ya vitu visivyokaguliwa, na ndani yake fundi kaandika drive C. Nzima! Ili kraki zake zisikamatwe, kaiambia Defender ifumbe macho kwa kompyuta yote. Nikaitoa, nikaliweka lile faili mara ya tatu: halikumaliza sekunde, limekamatwa.

Na hiyo Defender inakuja bure ndani ya Windows. Maabara ya AV-TEST kule Ujerumani, inayopima antivairasi, inatoa hadi alama sita za ulinzi, sita za wepesi, sita za kutosumbua kwa kengele za uongo, na Defender imeshapata 18 kwa 18 mara nyingi tu. Sisemi za kulipia hazifai, nunua ukitaka, ila nunua leseni, si keyjeni, yaani kiprogramu cha kufyatua namba za leseni feki, iliyotoka kwenye flashi ya fundi. Hiyo keyjeni yenyewe nani aliikagua?

Leo nimerudi kudai changu. Nimemkuta anamchomekea mama mmoja flashi ile ile. Ananiambia hela imeshatumika, nichague mausi.

Nimechagua. Haibonyezi kulia.