Maktaba yetu ya Nyalenda inataka kuazimisha mbegu za mboga za kienyeji. Tuanzie wapi?

Msomaji wa Nyalenda (Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Ninajitolea katika maktaba ndogo ya kijamii huku Nyalenda. Ni chumba kimoja cha mabati chenye rafu nne, na kila Jumamosi watoto hujaa mpaka wengine wanasomea mlangoni. Kila mwaka kamati hupanga Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni: miche inaletwa, inapandwa, picha zinapigwa. Kufikia Agosti mingi imekauka, maana mvua ndefu huwa zimeshapungua na hakuna aliyepewa kazi ya kumwagilia. Safari hii nimeomba tufanye jambo la mwaka mzima.

Nilisoma kwamba maktaba ya umma ya Richmond, California, ina sehemu ya mbegu tangu 2010. Mtu huchukua mbegu, hupanda, na akivuna hurudisha kiasi. Nikawaza osuga, dek, apoth na mitoo. Zinauzwa soko la Kibuye kila siku, lakini watoto wetu wengi hawajawahi kuona mbegu zake. Majirani ni wapangaji, nafasi yao ya kupanda ni gunia moja la udongo mlangoni.

Tuanze na mboga gani? Mbegu zitakaaje salama chini ya mabati na joto hili? Na kuna aliyeniambia kwamba kugawa mbegu zisizothibitishwa ni kosa la kufungwa jela. Ni kweli?

Mama Mboga wa Luanda (Vihiga)

Mwanangu, umenigusa. Nauza mboga soko la Luanda na mbegu ninazopanda nilipewa na mama mkwe. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu nimeona vikundi vingi vikigawa mbegu msimu wa kwanza, halafu msimu wa pili watu wanauliza mbegu ziko wapi. Usiazimishe hata kijiko kimoja kabla watu hawajajua kuvuna mbegu.

Shida huanzia jikoni. Mboga hizi tunachuma majani, na ua likitokea tunalikata ili majani yaendelee kuja. Mwenye gunia moja atakula kila kitu, naye hana ubaya, ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo kila anayeazima aahidi kuacha mashina mawili au matatu. Ayafunge uzi mwekundu na asiyaguse mpaka yakomae. Achague yale yenye afya ambayo yamechelewa kuchanua, maana hayo ndiyo yenye majani mengi. Ukikusanya mbegu za yale yaliyowahi kuchanua, kila msimu mboga zako zitazidi kukimbilia maua, na baada ya miaka michache utasema mbegu imeharibika.

Anza na managu, hiyo mnayoita osuga. Ngoja tunda liive kabisa, liminye ndani ya maji, usugue. Nyama ya tunda itaelea na mbegu nzuri zitazama. Mwaga, rudia mpaka maji yawe safi, kisha anika kivulini juu ya kitambaa. Watoto watapenda kazi hii kuliko zote, na konzi moja ya matunda inatoa mbegu za mtaa mzima.

Dek, ambayo kwetu ni saga, ina maganda membamba marefu. Yakianza kuwa ya manjano yavune hata kama hayajakauka yote, kwa sababu yakikauka shambani yanapasuka na mbegu zinamwagika. Halafu sikiliza: mbegu ya saga iliyovunwa leo haipendi kuota. Iache ipumzike miezi mitatu au zaidi. Mtu asiyejua hili atapanda, aone kimya, aseme maktaba imempa mbegu mbovu. Mrenda, hiyo apoth yenu, nao mbegu yake ina ganda gumu. Sisi hufunga mbegu kwenye kitambaa na kuzitumbukiza katika maji moto kwa muda mfupi tu, kisha tunapanda. Mitoo haina matata, maganda yakikauka yanalia kama kayamba, na tena inarutubisha udongo.

Mchicha acheni kwa sasa. Poleni yake hubebwa na upepo, na aina mbili zikikaribiana zinachanganyika. Nyalenda nyumba zimebanana, hamtaweza kuzitenganisha.

Joto ndilo adui wa mbegu, na unyevu ni ndugu yake. Msiziweke rafu ya juu karibu na mabati wala dirishani. Tumieni rafu ya chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, na mbegu zikae kwenye bahasha za kaki ndani ya chupa za kioo zenye kifuniko cha kubana. Zikauke sawasawa kwanza. Ukifungia mbegu mbichi kwenye chupa utafungua na kukuta ukungu. Kunde zikiwepo, changanyeni na majivu, fukusi wasizitoboe. Kabla ya kila msimu chukua mbegu kumi, zikunje kwenye kitambaa kibichi, uhesabu zilizoota. Zikiota chini ya nusu, wape watu mbegu zaidi au mtafute mpya.

Kwenye bahasha andikeni jina kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, mwezi wa kuvunwa, na mahali zilipotoka. Jambo la mwisho, na hili naliona kubwa kuliko rafu yenyewe: waiteni nyanya za watoto, yaani bibi zao, Jumamosi waje kueleza, nao watoto waandike na kuchora. Vitabu vingi vya msaada vina tufaha na theluji. Mtoto wa Nyalenda anastahili kitabu chenye apoth, na ikiwa hakuna, basi akiandike yeye.

Mkulima wa Gilgil (Nakuru)

Naongeza kuhusu sheria. Aliyekuonya hakutunga. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilivyorekebishwa mwaka 2012 ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu ilifika kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 1. Wakulima wadogo 15 walienda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia kutunza na kubadilishana mbegu zao vinakiuka Katiba. Ulikuwa ushindi wa nyanya zetu wote. Nyinyi azimisheni tu, msiuze, na msiandike popote kwamba mbegu zimethibitishwa.

Hapa Gilgil kuna Seed Savers Network, ambao hufundisha vikundi vya wakulima kuanzisha benki za mbegu vijijini. Wasiliana nao kabla hujanunua hata chupa moja.

Mwalimu, Dunga (Kisumu)

Jirani, msingoje 5 Juni. Siku ya Wangari Maathai huadhimishwa tarehe 3 Machi, mvua ndefu zikikaribia, na hiyo ndiyo siku ya kufungua rafu. Waelezeni watoto kwamba mama huyu mtetezi wa miti alipofariki mwaka 2011 alikuwa amekataa jeneza la mbao, akasindikizwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na gugumaji. Gugumaji hilihili linalofunga mitumbwi yetu! Mafundi wa ufuo wanalisuka, na vikapu vya kuwekea bahasha mnaweza kuvipata kwao.

Kisha waleteni watoto Dunga siku moja alfajiri. Kuna ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano anayeishi kwenye mafunjo tu. Mafunjo yakiisha, naye hana pa kwenda. Wanangu wa darasani walipomwona, maswali hayakuisha wiki nzima.

Msomaji wa Nyalenda (Kisumu)

Asanteni sana, Mama, ndugu wa Gilgil na Mwalimu. Nimesoma majibu yenu kwa sauti mbele ya kamati na wamekubali tuanze na managu na mitoo, saga ifuate mbegu zikishapumzika. Nyanya wawili wa mtaa wetu wamekubali kuja Jumamosi, na mmoja ameshaniambia atafundisha kwa Dholuo, wengine watafsiri wenyewe. Uzi mwekundu nimenunua.

Mama, swali moja limebaki. Kwetu wengi hupikia makaa. Majivu yake yanafaa kwa kunde?

Mama Mboga wa Luanda (Vihiga)

Yanafaa kama ni makaa matupu. Wengi huwashia jiko kwa karatasi za nailoni, majivu ya hivyo usiyaguse. Chekecha, yapoe kabisa, yawe makavu, kisha uyachanganye mpaka kila punje ivae majivu. Siku ya kupanda unapeta tu. Na nyanya huyo wa Dholuo mpe kiti cha mbele.