Fenda ya Noah

Kikundi: Nyumbani Chukwani

Salum: Assalaam alaykum. Noah imeumia jamani. Gari la ng'ombe lenye matofali limerudi nyuma pale Fuoni, boriti ikaingia kwenye fenda ya kushoto. [picha]

Asha: Wa alaykum salaam. Pole kaka. Ng'ombe mzima? 😂

Salum: Mzima, hata hakugeuka kuniangalia.

Shangazi Zuhura: Alhamdulillahi hukuumia mwanangu. Lipeleke kwa fundi.

Salum: Fundi kanitajia bei, shangazi, nikaona bora ninunue ng'ombe. Nataka nilinyooshe mwenyewe hapa uani. Puti ya kujazia na msasa nishanunua. Ami Khamis upo?

Ami Khamis: Nipo. Puti iache kwanza. Piga picha kwa ubavu, nione bati limeingiaje.

Salum: [picha]

Ami Khamis: Hilo linatoka. Vua gurudumu, toa na ile plastiki ya ndani, mkono upite nyuma ya fenda. Shika chuma kizito upande mmoja, nyundo bapa upande wa pili. Usianze katikati. Anza ukingoni mwa bonde, zunguka, uje ndani polepole. Ukikimbilia katikati bati linatanuka, baadae linabonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo la maziwa. Hapo hata mie sikusaidii.

Hamad Wete: Si amwagie maji moto, lijivute? Nimeona video.

Ami Khamis: Maji moto ya bampa hayo, Hamad. Bampa plastiki, ikipata moto inalainika, unaisukuma kwa ndani. Fenda hii chuma.

Hamad Wete: Haya sheikh, nimenyamaza.

Salum: Halafu ndo puti?

Ami Khamis: Kwangua rangi kwa msasa namba 80 mpaka chuma king'ae, futa kwa tina ya kuyeyushia rangi, acha kikauke. Puti iwe nyembamba, milimita 2 au 3 basi. Ikihitaji nene zaidi, jua hujanyoosha vizuri, rudi kwenye nyundo. Hadina, ile dawa ya kugandisha puti, kidogo mno, kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwa joto hili la kaskazi ukizidisha inaganda hujafika kwenye gari.

Ami Khamis: Na puti isiyopigwa praima, ile rangi ya chini, usiisugue kwa maji. Inanyonya. Maji yanabaki humo, baadae rangi inatoa malengelenge. Msasa wa maji ni juu ya praima, namba 400 kwenda 600.

Asha: Salum, mwoneshe ami na pale chini ya mlango wa kusukuma.

Salum: Pale padogo tu. Ntapaziba na puti hiyo hiyo.

Ami Khamis: Lete picha.

Salum: [picha]

Ami Khamis: Chukua bisibisi, bonyeza penye uvimbe. Taratibu.

Salum: Imeingia.

Salum: Yote.

Shangazi Zuhura: Ya Rabbi! Na mie ndo napandia mlango huo kila Ijumaa na miguu yangu hii.

Salum: Shangazi utakaa mbele.

Ami Khamis: Hapo puti haina kazi. Kutu hiyo imeanzia ndani, huko nje ndo mwisho wake. Gari linalala karibu na bahari, na matope yameziba vitundu vya kutolea maji. Wapo wanaojaza gazeti wakapaka puti juu, linapendeza mpaka masika. Pakatwe mpaka chuma kizima, pachomelewe kiraka.

Hamad Wete: Narudi kidogo. Dawa ya kutu je?

Ami Khamis: Ile ya asidi inageuza kutu ya juujuu. Palipotoboka haioteshi chuma. Salum, fenda fanya mwenyewe, kiraka mpe mwenye mashine. Atoe waya wa betri kwanza, na zulia la ndani likunjwe, moto hupita chini yake hakuna anaeona.

Salum: Sawa ami. Rangi nyeupe yoyote?

Ami Khamis: Nyeupe ziko nyingi. Fungua boneti, tafuta kibati, soma palipoandikwa COLOR au C/TR.

Salum: 040

Ami Khamis: Mpe muuza rangi namba hiyo. Upulize fenda nzima hadi ukingoni, usiishie katikati, maana rangi yako imeshapigwa jua na mstari wa mpya na ya zamani utaonekana tu. Ila klia, ile ya juu ya kung'arisha, ya kuchanganya na hadina yake, usiipulize hapo uani. Mvuke wake unaharibu mapafu, barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mpelekee mpulizaji.

Asha: Na siku ya praima niambie mapema, nianue nguo zangu.

Salum: Jumamosi utakuja ami?

Ami Khamis: Baada ya alfajiri, kabla jua halijakaza. Nyundo zangu nakuja nazo.

Salum: Ami, hadina yenyewe iko wapi? Naona kopo moja tu.

Ami Khamis: Tyubu ndogo, huwa imo chini ya kifuniko.

Salum: Hamna.

Ami Khamis: Basi umeuziwa nusu. Nenda sasa hivi, hawajafunga.