Hela ya mkutano mmoja tu wa isotopu: EGU, IsoEcol, JESIUM, IAEA au wa masispeki? Naombeni ulinganisho

Mkoko_Delta
Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa pili wa PhD, nafanya isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za kaboni na naitrojeni kwenye samaki na kamba wa mikoko ya delta ya Rufiji. Swali langu ni lilelile la siku zote, kamba anakula nini hasa, majani ya mkoko yanayooza, mwani, au nyasi bahari? Mnyama anabeba namba ya kaboni ya anachokula, na majani ya mkoko yanasoma -28 mpaka -30 huko (chini zaidi maana yake kaboni nzito ni kidogo), nyasi bahari zipo juu kabisa, -12 hivi, kwa hiyo ukiangalia kwenye makaratasi kazi nyepesi. Kamba wangu sasa, wamekaa katikati kama mjumbe anayesubiri kuona upepo unaelekea wapi.

Ila leo sijaja na kamba. Msimamizi kaniambia mradi una hela ya mkutano MMOJA, nauli, viza, hoteli, kiingilio, ikiisha imeisha. Nimezunguka mtandaoni wiki nzima nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza, kuna EGU ya Vienna kila mwaka, ule wa sayansi za dunia, kuna Goldschmidt, kuna IsoEcol, kuna JESIUM, kuna ule wa isotopu za maji wa IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki), na kuna hii mikubwa ya masispeki yenyewe (mashine za kupima uzito wa atomi na molekuli), IMSC na ile ya Wamarekani ASMS. Waliowahi kwenda semeni, kipi ni kipi? Nisije nikaenda kupiga picha na jengo nikarudi.

Mzee_wa_Visima
Karibu kijana. Mimi mtu wa maji, maisha yangu yote ni vichupa na visima, kwangu mkutano ni mmoja tu, ule wa isotopu na hidrolojia wa IAEA pale Vienna. Unakuja kila miaka minne, nilikuwepo 2019, uliofuata ulikuwa Julai 2023. Uzuri wake wa kwanza ni hela, kiingilio hakuna, na ukitoka nchi kama yetu unaweza kuombewa ruzuku ya safari. Ubaya wake ni kwamba huendi kama wewe, unaenda kama mtu aliyeteuliwa na nchi yake, kwa hiyo kuna fomu A, na ukitaka ruzuku kuna fomu C, na zote lazima zipite ofisi husika ya serikali zigongwe muhuri. Yangu ilikaa kwenye meza ya mtu fulani wiki tano, kila nikipiga simu naambiwa "inafanyiwa kazi", siku niliyoenda mwenyewe nikaikuta chini ya chupa ya chai imeacha duara la kahawia. Ikapita siku mbili kabla ya mwisho. Kwa hiyo anza mapema, na usipige simu, nenda.

Uzuri wa pili ni watu. Ukisema mvua ya masika pale hakuna anayekukodolea macho, maana wale ndio wenye mtandao wa kupima isotopu za mvua duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 60, vituo vya Entebbe na Dar wanavijua kwa majina. Niliweka bango langu la visima, nimechora mstari wa Craig wa 1961, ule wa mvua za dunia, haidrojeni ni nane mara oksijeni ongeza kumi, na nukta zangu zikiwa zimelala chini ya mstari upande wa kulia, yaani dalili ya maji yaliyovukizwa. Akaja mama mmoja Mhabeshi akasimama kama nusu saa, akaniuliza vichupa ulijaza mpaka juu au uliacha hewa, na vifuniko vilikuwa vya aina gani? Nikajua hapo hapo nimekwisha. Nusu ya "mvukizo" wangu ulitokea ndani ya buti la gari njia ya Singida 😂

Lakini kwa kamba, hapana. Utakuwa fundi cherehani kwenye mkutano wa washona viatu, mtasalimiana vizuri tu.

Kapsuli_ya_Bati
Mimi ndo yule dada wa maabara mnayemletea sampuli Ijumaa saa kumi mnataka majibu Jumatatu, kwa hiyo nitasema kama mtu wa mashine.

Mikutano ya masispeki IMSC na ASMS ni mikubwa kwelikweli, IMSC inazunguka dunia, 2018 ilikuwa Florence, 2022 Maastricht, 2024 Melbourne, ASMS ni kila mwaka, kwa kawaida hukohuko Marekani. Nilipelekwa mmoja wapo. Kaka, ni protini, dawa, protini, dawa za mifugo, protini. Watu wa isotopu za elementi nyepesi (kaboni, naitrojeni) kama sisi tulikuwa kona moja karibu na mlango wa choo, siku moja, mchana baada ya kula. Kama unatafuta mashine ya kununua au fundi wa kampuni umbane uso kwa uso kuhusu ile filamenti inayokatika kila mwezi, basi nenda, maana makampuni yote yapo na usiku wanakulisha bure. Ila mtu wa kukuambia kamba anakula nini humpati.

JESIUM ni kitu kingine. Ni vikundi vya watumiaji wa isotopu wa nchi za Ulaya vimekusanyika pamoja, Waingereza wana chao, Wajerumani wana chao, Wabelgiji na Waholanzi wana chao, halafu kila baada ya miaka minne hivi wanafanya mmoja wa pamoja. Leipzig 2012, Gent 2016, halafu ule wa 2020 korona ikausukuma mpaka 2022, Kuopio Ufini. Pale wanaongea lugha yangu. Mtu anasimama dakika ishirini anaongelea kapsuli tupu tu, ile bati yenyewe bila sampuli ina kaboni kiasi gani, na ukumbi mzima unaandika. Wengine mtaona upuuzi, lakini wewe unayepima unga wa samaki miligramu 0.6 kwenye kikopo kidogo kuliko punje ya mtama, unakikunja kwa koleo mbili, ukipiga chafya umeanza upya, ile mada ni ya kwako. Nilirudi na mambo matatu nikayabadilisha maabara wiki hiyohiyo, mpangilio wa standadi (sampuli ambazo majibu yake yanajulikana) mwanzo, katikati na mwisho wa kila trei likiwa moja wapo.

Msee_wa_Ndovu
Sasa hapo nitaingilia. Niko Nairobi, nimefanya nywele za mkia wa ndovu, na nakuambia IsoEcol ndo yako, mengine ni hadithi. Ile ni ya watu wa ikolojia wanaotumia isotopu, period. Ilianzia Saskatoon Kanada 1998, inakuja kila miaka miwili hivi na inahama, Tokyo 2016, Viña del Mar kule Chile 2018. Si kubwa, ni watu mia kadhaa, kwa hiyo ule mtu umesoma karatasi zake miaka mitatu unamkuta kwa foleni ya chai ameshika mandazi yao hayo makavu, na anaongea na wewe kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda.

Wacha niwape mfano. Unywele wa mkia wa ndovu ni kama shajara, unakua kidogo kila siku, unaukata vipande vipande na unaona mvua ikinyesha anakula nyasi, kaboni inapanda, kiangazi anarudi kwa vichaka inashuka. Cerling na wenzake walifanya hivyo na ndovu wa Samburu wenye kola za GPS, wakatoa 2006, na kuna dume mmoja alikuwa anapanda mpaka msitu wa Imenti kando ya Mlima Kenya, akishukiwa kula mahindi ya watu usiku. Mahindi ni C4 (kundi la mimea ambayo kaboni yake inasoma juu) kama nyasi za joto, so kaboni pekee inasema "anakula C4", lakini yuko msituni juu huko penye nyasi kama hizo ni chache! Swali kama hilo ukilipeleka kwa mkutano wa watu elfu ishirini utapata "very interesting" na kadi ya biashara. Ukilipeleka IsoEcol watu watagombana mbele yako mpaka bango lianguke.

Baridi_ya_Gent
Niko Ubelgiji nasoma, nimeenda EGU mara mbili, niwape upande huo maana naona mnaiponda bila kuitaja. 2024 watu waliofika pale Vienna walizidi 18,000. Unashuka treni ya chini U1 pale Kaisermühlen, upande mmoja majengo ya umoja wa mataifa alikokuwa Mzee wa Visima na fomu yake yenye chai, upande wa pili kituo cha mikutano. Mada za isotopu zipo lakini zimetawanyika, moja Jumatatu asubuhi kwenye udongo, nyingine Alhamisi jioni kwenye bahari, na katikati unatembea tu na mkoba wa bure. Goldschmidt hivyo hivyo, nzuri sana kama wewe ni mtu wa miamba na isotopu za metali, 2024 Chicago, 2025 Prague, ila kamba watajisikia wageni.

Jambo ambalo EGU inawashinda wengine wote: unaweza kuhudhuria mtandaoni, bei inakuwa ndogo, na wana msaada wa safari kwa vijana na kwa wanaotoka nchi za kipato cha chini. Kwa hiyo EGU usiihesabu kwenye hela yako ya mkutano mmoja, ifanye ukiwa sebuleni.

Halafu viza jamani hamjaiongelea. Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Rafiki yangu alikuwa na barua ya mwaliko, bima, hoteli, abstrakti (muhtasari wa mada yake) imekubaliwa, akanyimwa kwa sababu "nia ya kurudi haijathibitishwa", ana mke na watoto watatu na ng'ombe, alitaka kuuliza waje na ng'ombe ubalozini? Kwa hiyo kabla ya kuuliza mkutano upi ni mzuri, uliza mwaka huo unafanyika nchi gani. Hiyo IsoEcol inayohama ni kamari, mwaka mmoja unaangukia nchi rahisi, mwaka mwingine unaangukia nchi ambayo viza yake unaifuata nchi jirani.

Msee_wa_Ndovu
@Baridi_ya_Gent hapo kwa viza umesema ukweli, sibishani. Ila mtandaoni si mkutano bana, ni YouTube yenye kiingilio. Nimejaribu, saa tano usiku, watoto wamelala, stima ikapotea kwa swali la kwanza.

Kapsuli_ya_Bati
Na bango chapisha kwenye kitambaa, usibebe lile bomba la plastiki. La kitambaa unalikunja kama kanga ndani ya begi la mkononi, ukirudi unapiga pasi.

Mkoko_Delta
Aisee asanteni sana. Kwa hiyo nikiwasoma vizuri, IAEA ni bure ila ni ya maji, masispeki ni ya mashine na protini, EGU naifanya sebuleni, Goldschmidt nawaachia watu wa mawe, ugomvi umebaki IsoEcol na JESIUM. Mimi moyo unaenda IsoEcol kwa sababu ya wale kamba wangu wa katikati, nataka kuwabana watu wa modeli za kuchanganya vyanzo (hesabu za kukadiria kila chakula kimechangia kiasi gani). Wasiwasi wangu ni kwamba nitasimama pale na jibu la "wanakula vyote nusu kwa nusu" halafu nitaonekana sina kitu.

Kapsuli_ya_Bati
Ngoja kwanza. Kabla ya modeli. Hao kamba ni wakubwa au wale wadogo?

Mkoko_Delta
Mchanganyiko. Wakubwa nilitoa nyama ya mkia. Wadogo wale wa sentimita mbili tatu nilikausha nikasaga.

Kapsuli_ya_Bati
Ukasaga nini? Nyama, au mzima mzima na ganda?

Mkoko_Delta
...wazima. Ni wadogo sana dada, kumenya yule ni adhabu.

Kapsuli_ya_Bati
Uliwapitisha kwenye asidi?

Mkoko_Delta
Hapana. Asidi nilifanya kwenye matope tu.

Kapsuli_ya_Bati
Basi sikiliza. Ganda la kamba lina chokaa ndani yake. Kaboni ya chokaa ya baharini inasoma karibu na sifuri, nyama inasoma ishirini na kitu chini huko, ukisaga pamoja mashine haijui kutenganisha, inachoma yote inakupa wastani. Kwa hiyo kila gramu ya ganda inamvuta kamba wako kutoka kwa mkoko kumpeleka kwa nyasi bahari, bila yeye kula hata jani moja la nyasi bahari. Sisemi ndo jibu lote, ila hao wadogo watenge uwaangalie peke yao. Kama wako juu ya wakubwa kwenye kaboni, umenielewa.

Na ukiwatia asidi usitie sampuli yote, gawa mafungu mawili, lenye asidi ni la kaboni, lisilo na asidi ni la naitrojeni, maana asidi inaweza kuiharibu naitrojeni. Ndiyo, ni mara mbili ya kazi na mara mbili ya bili.

Mzee_wa_Visima
Buti la gari njia ya Singida hilo 😂😂 karibu chamani kijana.

Msee_wa_Ndovu
Si niliwaambia? Hii ndo mnalipia nauli kwenda kuulizwa kwa foleni ya chai. Kapsuli kakupa bure.

Baridi_ya_Gent
Na uwahi kabla ya siku ya mwisho ya abstrakti. Ukiandika "nusu kwa nusu" sasa hivi ikakubaliwa, utabaki nayo imechapishwa.

Mkoko_Delta
Nimetoka kwenye friza sasa hivi. Mifuko kumi na minne imeandikwa "mzima" kwa mkono wangu mwenyewe. Kumi na miwili kati ya hiyo ndo zile nukta za katikati.

Nyama ya wale wakubwa inasoma -24.

@Kapsuli_ya_Bati naomba nije inbox, na siyo Ijumaa saa kumi.